Jinsi ya kulinganisha mapenzi ya mashabiki wa michezo na nchi tofauti bila kudanganywa na kelele

Kijiweni kwetu Temeke ubishi huu hauishi. Mmoja anakwambia hakuna mashabiki duniani kama Waargentina, mwingine anakuja na Wahindi na kriketi yao, wa tatu anasema nyie wote mnaota, nendeni kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga alafu mrudi mniambie. Wanabishana mpaka kahawa inaisha na hakuna aliyeshinda, sababu kila mmoja ana mizani yake, huyu anapima kelele, huyu anapima idadi ya watu, yule anapima kaklipu alikotumiwa WhatsApp. Mimi huu ubishi naupenda kwelikweli, kuna michezo ilibidi nijifunze sheria zake ukubwani ili tu nielewe watu wanalilia nini, na sasa hivi nina njia yangu ya kulinganisha ambayo naiweka hapa uijaribu. Kiini chake ni hiki, mpime shabiki kwa anachotoa, yaani hela, muda, usingizi, mwili wake, alafu angalia kama anaendelea kutoa timu ikiwa hovyo.

Cha kwanza kabisa taja timu yako kabla hujafungua mdomo kuhusu za wenzio. Mimi ni Simba, nimezaliwa nimeikuta nyumbani, mzee wangu Simba lialia na bimkubwa ni Yanga, kwaiyo siku ya derby kwetu redio ilikuwa moja ila mioyo miwili. Nalisema mapema ili ukiniona nasifia Msimbazi ujue nimesimamia wapi na upunguze kidogo. Na wewe fanya hivohivo.

Baada ya hapo, kabla ya kulinganisha mashabiki, linganisha kwanza michezo yenyewe, hapa ndo wengi wanaharibu. Kila mchezo unampa shabiki wake nafasi tofauti ya kuonyesha mapenzi. Chukua NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, timu inacheza mechi 17 kwenye msimu wa kawaida na kati ya hizo 8 au 9 ndo za nyumbani, sasa mtu mwenye siku 8 tu za kwenda uwanjani kwa mwaka mzima lazima azifanye sikukuu, anafika asubuhi na mapema, anachoma nyama kwenye maegesho ya magari, watoto wanarusha mpira, majirani wanakaribishana, mechi yenyewe inakuja baadae sana. Sasa muweke huyo pembeni ya Mjapani wa besiboli ambaye timu yake ina mechi 143 kwa msimu, karibu kila siku kuna mchezo. Huyu wa Marekani anafanya harusi, yule wa Japani yuko kwenye ndoa. Ukiwapima wote kwa shamrashamra za siku moja utamuonea Mjapani, ukiwapima kwa uvumilivu wa miezi saba utamuonea Mmarekani. Ligi yetu ya timu 16 ina mechi 30, iko katikati hapo ila ina upande wa harusi zaidi, na derby ndo harusi yenyewe.

Angalia pia mchezo unaruhusu kelele au hauruhusu. Kwenye tenisi mchezaji akianza kupiga sevu uwanja mzima unakaa kimya, ni adabu ya mchezo, na mtu asiyejua atasema hawa wamepoa kama uji wa jana. Lakini nenda Wimbledon kule London uone ile foleni, watu wanalala kwenye mahema bustanini usiku kucha, wengine zaidi ya usiku mmoja, ili tu wapate tiketi ya siku ileile. Mtu aliyelala kwenye nyasi za baridi kwa ajili ya kwenda kukaa kimya ana mapenzi, hilo halina ubishi. Na kimya chenyewe wakati mwingine ndo mapenzi. AFCON ya Morocco, ile ya Desemba 2025, kulikuwa na shabiki wa Kongo aliyesimama jukwaani mechi nzima hatikisiki, mkono juu, kama sanamu ya Patrice Lumumba, ngoma zinapigwa pembeni yake, goli linafungwa, yeye wima vilevile. Jaribu wewe kusimama dakika 90 mkono uko juu alafu uje uniambie nani alikuwa na moto zaidi, yeye au anayepuliza vuvuzela.

Kuhusu namba za kelele nikuombe uwe makini. Mashabiki wa Kansas City Chiefs, timu ya NFL, waliweka rekodi ya kelele ya desibeli 142.2 Septemba 29, 2014 na watu wanaitaja hiyo namba kama vile imemaliza mjadala. Kelele inategemea uwanja umejengwaje, kifaa cha kupimia kimewekwa wapi, na kama watu wameambiwa kabla kwamba leo tunavunja rekodi, na wale waliambiwa. Ni jambo zuri walilofanya, lakini linakwambia zaidi kuhusu siku ile kuliko kuhusu mioyo yao.

Idadi nayo hivohivo. India ina uwanja wa kriketi Ahmedabad unaoingiza watu 132,000, ni mkubwa kuliko wowote wa kriketi duniani, na hiyo ni nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.4, kwaiyo ukihesabu vichwa tu India itashinda kila kitu mpaka kiama. Gawanya. Iceland walipokwenda Euro ya 2016 kule Ufaransa nchi yao ilikuwa na watu 330,000 hivi, ni wachache sana hata ukiwalinganisha na wilaya moja tu ya Dar kama Temeke, na makadirio ya wakati ule yalisema kati ya asilimia 8 na 10 ya nchi nzima walisafiri kwenda kuangalia. Yaani ni kama kila familia imetoa mtu. Ukipiga kwa mafungu namna hiyo nchi ndogo zinaanza kuonekana.

Sasa tuje kwenye gharama, hapa kaa kidogo maana ndo moyo wa kazi yote. Usiulize tiketi ni shilingi ngapi, uliza ni siku ngapi za kazi. Mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, pale kwa Mkapa mechi nyingi ni elfu tano hivi, mgeni akisikia ataona ni bure, lakini weka na nauli, weka jezi, weka maji na chakula, alafu mtoe huyo mtu Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100 za basi, na akirudi anashukia stendi asubuhi na kwenda kazini moja kwa moja. Mfano ninaoupenda kuutumia, japo unauma, ni derby ya Machi 8, 2025. Mechi iliahirishwa siku ileile ya mchezo, watu wa mikoani wameshafika mjini, wameshanunua tiketi, wengine wameshavaa. Ikaja kuchezwa Juni 25, siku ya Jumatano, siku ya kazi, na watu wakaja tena. Sisi Simba tukafungwa 2-0. Hao waliolipa nauli mara mbili kwa mechi moja ndo ninaowazungumzia, muulize mtu anayesema mashabiki wa Ulaya ndo wanajitolea kama anaifahamu hiyo Jumatano.

Lakini usiwe na haraka ya kuwadharau wenzetu, maana wana namna zao za kutoa. Union Berlin ya Ujerumani, timu ya upande wa mashariki uliokuwa wa wakomunisti, uwanja wao ulikuwa umechakaa na klabu haina hela, mwaka 2008 na 2009 mashabiki zaidi ya 2,000 wakaingia wenyewe na makoleo na zege wakaujenga upya, masaa ya kujitolea yanahesabiwa 140,000. Na miaka michache kabla ya hapo, 2004, klabu ilipokuwa inakaribia kufa walienda kuchangia damu hospitali wakaipa timu ile posho wanayolipwa wachangiaji. Nikisikia mtu anasema "damu yangu ni ya kijani" au "damu yangu nyekundu" siku zote nawakumbuka wale.

Na kuna Green Bay Packers, hii nayo ifahamu. Green Bay ni mji mdogo wa Wisconsin, watu kama 107,000 tu, ila una timu ya NFL kwa sababu timu ni ya wananchi wenyewe, ina wanahisa zaidi ya 500,000. Na hisa yenyewe haikupi gawio, huwezi kuiuza ukapata faida, thamani yake haipandi. Mtu analipa hela yake halali anapata karatasi ya kutundika ukutani, na roho yake kwatu. Sisi ambao tumekulia kwenye habari za wanachama na matawi tunaweza kulielewa hilo kirahisi kuliko wengi, kadi ya uanachama ya mzee wangu ipo mpaka leo kwenye lile kabati la vyombo vya wageni, haijawahi kumlipa hata senti.

Usisahau gharama ya michezo isiyo na tiketi. Kwenye baiskeli barabara ni ya wote, Tour de France watu wanapiga kambi siku kadhaa kwenye kona za mlima Alpe d'Huez, zipo 21, kona namba 7 ni ya Waholanzi na inajaa rangi ya machungwa, na waendesha baiskeli wakipita ni dakika chache imeisha. Unaona mtu anatoa siku tatu kwa ajili ya dakika chache, hesabu hiyo huipati kwenye mpira hata kidogo. Na hili sio la Wazungu peke yao. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na ule mlima wa mawe wanaouita ukuta wa Kigali watu walijaa pande zote mbili, wazee kwa watoto, wengine juu ya kuta, wengine juu ya miti. Wanyarwanda wana Tour du Rwanda yao kila mwaka kwaiyo hawakuanza kushangilia siku ile. Wakenya nao na Safari Rally, mbio za magari, ni hivohivo, mashindano yalianza 1953, yakatolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, yaliporudi 2021 Naivasha ikajaa utadhani hayakuwahi kuondoka, watu wanalala kwenye magari na mahema, vumbi mpaka kwenye kope, kwa ajili ya gari linalopita sekunde kadhaa.

Hatua inayofuata ndo ninayoiamini kuliko zote. Angalia miaka mikavu. Siku ya ubingwa kila mtu ana mapenzi, barabara zinajaa, Buenos Aires Desemba 20, 2022 ilijaa mamilioni mpaka basi la wachezaji likashindwa kupita ikabidi wapandishwe helikopta, na mimi nililia naangalia kwenye simu japo sio nchi yangu. Lakini ubingwa unafurahisha hata moyo wa barafu. Wewe tafuta timu iliyoshuka, timu iliyokaa bila kombe, alafu hesabu viti.

Hapa nina mfano ambao mtu wa Simba lazima aujue maana unatuhusu kwa jina. Simba kabla ya 1971 ilikuwa inaitwa Sunderland. Ile Sunderland ya Uingereza, mji wa kaskazini uliokuwa wa kujenga meli na kuchimba makaa ya mawe, ilishuka daraja mara mbili mfululizo ikajikuta daraja la tatu mwaka 2018. Daraja la tatu, ndugu zangu. Desemba 26, 2018 wanacheza na Bradford, mechi ya kawaida kabisa isiyo na jina, wakaingia watu 46,039. Walikaa kule chini misimu minne na wastani wao, ukiondoa ule msimu wa korona, ulikuwa watu elfu thelathini au karibu na hapo. Wamerudi ligi kuu 2025. Mtu akiniambia mashabiki wa Uingereza wamekuwa watalii tu wanaopiga picha namwambia kuna viwanja vya hivo, ila usiutaje na ule wa Sunderland.

Japani wana Hanshin Tigers, timu ya besiboli ya upande wa Osaka. Walichukua ubingwa wa Japani 1985, na kwenye shangwe za msimu ule watu wakaruka kwenye mfereji wa Dotonbori, wakaichukua na sanamu ya yule mzee wa nembo ya KFC, wale wa kuku, wakaitupa majini kwa sababu eti anafanana na mchezaji wao Mmarekani Randy Bass. Baada ya hapo ukame, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakasema ni laana ya yule mzee. Sanamu ilitolewa 2009. Ubingwa wa Japani ulirudi 2023, miaka 38, na katika miaka yote hiyo uwanja wao wa Koshien ulikuwa miongoni mwa viwanja vinavyojaza zaidi nchini kwao, kila mchezaji anayeingia kupiga ana wimbo wake na watu wanaujua wote, mtoto wa darasa la pili anaujua. Nikiwekewa kisu shingoni nitaje mashabiki watano duniani hawa nawaweka.

Kwetu huku hili la miaka mikavu linapimika pia. Nilikuwepo Novemba 5, 2023, ile Jumapili Yanga walipotufunga 5-1. Goli la tatu majukwaa yetu yakaanza kutoboka, la nne watu wanapita mbele yangu kama maji, na siwalaumu, inauma. Lakini walibaki watu. Mama mmoja mbele yangu, amejifunga khanga juu ya jezi, hakuinuka mpaka filimbi, na mpira ulipoisha akawapigia makofi vijana wetu. Tangu siku ile nikienda uwanjani naangalia wanaobaki, hao ndo nawahesabu.

Kitu kingine ambacho kwa miaka hii huwezi kukiruka ni mkeka, yaani kubeti. Nenda kibanda umiza chochote Jumamosi jioni, utakuta kijana anapiga magoti timu ya Uturuki ikikosa penati, na hajui hata timu inatoka mji gani. Yule hana mapenzi na timu, ana shilingi elfu moja yake pale, na sio dhambi ila usimuweke kwenye hesabu. Kumjua ni rahisi, mechi ikiisha muulize wiki ijayo wanacheza na nani. Shabiki maandazi naye mtoe, yule anayehama na makombe, leo City kesho Liverpool. Lakini usimtoe yule wa Arsenal wa Mbagala eti kwa sababu hajawahi kufika London. Mtu aliyeishikilia timu moja tangu 2004 bila kuona ubingwa mwingine miaka yote ile, akachekwa kazini kila Jumatatu na bado jezi anafua mwenyewe kwa mkono isichuje, huyo ametoa vingi kuliko mwenye nyumba mtaa wa tatu kutoka uwanjani.

Halafu tenganisha mapenzi na chuki, hizi ni hesabu mbili. Watu wengi wakitaka kuonyesha Argentina ndo namba moja wanataja vurugu, lile basi la Boca lililopigwa mawe 2018 wakienda kucheza na River Plate mpaka marudiano ya fainali ya Libertadores, klabu bingwa ya Amerika Kusini, yakahamishiwa Madrid, bahari nzima katikati, timu mbili za mji mmoja. Na kuanzia 2013 mashabiki wa timu ngeni walizuiwa viwanjani kule kwa miaka mingi. Mimi nasema hapo mapenzi yapo makubwa sana, ila mawe sio kipimo chake. Angalia India, nchi ileile mchezo uleule. Kolkata, Machi 13, 1996, nusu fainali ya kombe la dunia India inazidiwa na Sri Lanka, watu wakarusha chupa wakawasha moto majukwaani, mechi ikasimamishwa ushindi akapewa Sri Lanka. Chennai, Januari 1999, Pakistan wameshinda kwa mikimbio 12 tu, nyota wa India Tendulkar amepiga mikimbio 136 na bado haikutosha, Pakistan hao, mahasimu kuliko wote, na uwanja mzima ukasimama ukawapigia makofi wakizunguka uwanja. Kati ya hizo siku mbili ni ipi ilikuwa na mapenzi zaidi na kriketi? Mimi jibu langu ni Chennai bila kusita.

Na ndo maana sisi wa Kariakoo tusione aibu na utani wetu wa jadi. Mgeni anaweza kuona Simba na Yanga wamepanda daladala moja kurudi nyumbani akasema hawa hawana uchungu. Hajui kwamba Yanga ikicheza na timu ya nje mtu wa Simba, Mnyama, anaenda kushangilia wageni na kinyume chake, hajui kwamba msiba ukitokea wa Yanga wanaotangulia kufika ni watani na bado watatania palepale. Moto upo, umepewa njia ya kupita tu. Kwetu baada ya zile tano bimkubwa alimpikia mzee pilau na kachumbari, akapanga mezani mayai matano ya kuchemsha, hakusema neno. Mzee alikula yote.

Sasa ukitaka kufanya kwa vitendo chagua mechi mbili za michezo tofauti ndani ya mwezi mmoja, hata kama moja ni mtaani kwenu, mashindano ya mbio za ngalawa, netiboli ya wilaya, kikapu. Fika masaa mawili kabla na ubaki nusu saa baada ya filimbi, katikati ndo pana udanganyifu mwingi. Hesabu wazee na watoto, maana mapenzi yaliyorithishwa huonekana hapo. Angalia ngoma ilipigwa wakati gani, timu ikiongoza au ikiwa nyuma. Chukua watu watano uwaulize wametoka wapi, wamekuja na usafiri gani, nani aliwaleta mara ya kwanza, na mechi mbaya kuliko zote waliyowahi kuiona ni ipi. Hilo swali la mwisho lipe muda. Maandazi atakuwa anatafuta jibu, wa kweli atakutajia mpaka hali ya hewa ya siku ile, nani alikuwa benchi, na alirudi nyumbani na gari gani.